Vitabu vya maafa na manusura: tunavyodhani na ilivyokuwa

Ukionekana umeshika kitabu cha meli iliyozama au ndege iliyoanguka, hukosi wa kukuambia una roho ngumu, unajiburudisha kwa misiba ya wenzio. Dhana hii huniuma, kwa kuwa miaka yote hii nimevisoma nikitafuta jambo moja: nani aliamua nini, wakati gani, na alikuwa anajua nini.

Wengi huamini pia kwamba hatari ikifika, watu hupagawa na kukanyagana. Soma habari za Titanic, Aprili 1912. Mashua ya kwanza ya kuokolea iliteremshwa ikiwa na watu wapatao 28, nayo ilikuwa na nafasi ya 65. Meli bado inawaka taa, ndani kuna joto; nani angekubali kushushwa kwa kamba kwenye giza na baridi ile? Saa ile ya kwanza, kilichowaponza abiria ni kutoamini. Ndiyo maana namsihi msomaji asikimbilie kurasa za kuzama. Akae kwanza na zile za kabla yake.

Wengine hudhani kwamba kitabu kikiwa cha habari za kweli, basi kila kilichochapwa humo ni sahihi. Manusura kadhaa wa Titanic walieleza kuwa waliiona ikikatika vipande viwili. Tume za uchunguzi za Marekani na Uingereza zikahitimisha kwamba ilizama nzima, na waandishi wengi wakafuata hivyo. Mabaki yalipopatikana mwaka 1985, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, ililala kiasi cha mita 600 kutoka omo, sehemu ya mbele. Kwa hiyo tazama mwaka wa kitabu kabla ya kukiamini.

Na kwamba wenye misuli ndio wanaopona? Katika msafara wa Donner, wa wahamiaji waliokuwa wakielekea California, uliokwama kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada mwaka 1846 hadi 1847, wanawake walipona kwa uwiano mkubwa kuliko wanaume.

Dhana ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba kinachoua ni bahari, baridi na njaa peke yake. Novemba 1820, katikati ya Pasifiki, nyangumi aliigonga kwa kichwa Essex, meli ya wawindaji nyangumi, hadi ikazama. Mabaharia 20 wakabaki kwenye mashua tatu. Nahodha George Pollard alitaka waelekee visiwa vya magharibi, upepo ukiwasukuma. Maofisa wake wakakataa: walikuwa wamesikia kwamba huko kuna watu wanaokula watu. Wakashika njia ndefu ya Amerika Kusini. Chakula kikawaishia. Wakala maiti za wenzao, kisha katika mashua ya nahodha wakapiga kura nani auawe, ikamwangukia kijana, binamu yake nahodha mwenyewe. Walioogopa kuliwa ndio waliokulana.

Njiani walikuwa wametia nanga kisiwa cha Henderson, na watatu wakaamua kubaki pale. Kati ya 17 walioendelea na safari, walipona watano. Wale watatu waliokolewa wote, Aprili 1821.