Kutoka Faili Ghafi Hadi JPEG: Nini Hasa Hubadilika?

Katika mazungumzo ya wapiga picha, kitenzi "kubadilisha" hubebeshwa mizigo miwili isiyofanana. Mmoja husema amebadilisha faili la RAW kuwa JPEG, ule muundo wa picha zilizobanwa tunaoutumia kila siku. Mwingine husema anataka JPEG yake iwe RAW ili aihariri vizuri zaidi, kana kwamba ni safari ya kwenda na kurudi kwa nauli ileile. Safari hii ina kwenda tu. Sababu yake imo ndani ya mafaili yenyewe, ambayo hayatofautiani kwa ukubwa peke yake bali kwa aina ya kitu yanachokihifadhi.

Faili ghafi, ambalo wengi huliita RAW, ni kumbukumbu ya vipimo vya mwanga vilivyochukuliwa na kihisi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, kabla haijaamuliwa picha iweje. RAW si jina la muundo mmoja. Canon hutumia CR2 na CR3, Nikon hutumia NEF, Sony hutumia ARW na Fujifilm hutumia RAF, na kila kampuni hupanga mambo yake kwa namna yake. Ndiyo maana kamera ikiwa mpya sana, programu ya zamani ya kuhariri hushindwa kulifungua faili lake hata kama herufi za mwisho wa jina ni zilezile.

Kihisi chenyewe hakitambui rangi. Kinapima wingi wa mwanga tu. Katika kamera nyingi, juu ya kila pikseli, yaani kila nukta ya kupimia mwanga, kumewekwa kichujio kidogo cha rangi moja, nyekundu, kijani au bluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza nchini Marekani mwaka 1976. Nusu ya vichujio hivyo ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya bluu, kwa kuwa jicho la binadamu hutegemea zaidi mwanga wa kijani kutambua mambo madogo madogo. Kamera ya megapikseli 24, basi, hurekodi takribani namba milioni 24, moja kwa kila pikseli, ilhali picha kamili ya rangi huhitaji namba tatu kwa kila pikseli, yaani milioni 72. Zile milioni 48 zinazopungua hazikupimwa na chombo chochote. Programu huzikadiria kwa kutazama pikseli za jirani, na hivyo theluthi mbili ya rangi katika picha tunayoisifia ni makisio, ingawa ni makisio ya kitaalamu.

Ukadiriaji huo ni sehemu ya mwanzo ya kazi inayoitwa kwa wepesi "kubadilisha". Inayofuata ni ya kurekebisha weupe, yaani kuzipanga rangi ili kitu cheupe kionekane cheupe chini ya mwanga wowote, na hapa nina kisa changu mwenyewe. Nilikuwa nikipiga picha za harusi ndani ya ukumbi wenye balbu za njano, nikaiweka kamera kwenye mpangilio wa mwanga wa balbu, kisha maharusi wakatoka nje kwenye jua la alasiri nami nikasahau kuurudisha. Kamera ilikuwa ikihifadhi mafaili mawili kwa kila picha, moja ghafi na moja JPEG. Katika JPEG, shela la bibi harusi lilionekana kama nguo nyeupe iliyozidishiwa buluu wakati wa kufua, na nyuso za wazee waliokaa mstari wa mbele zilikuwa za watu wagonjwa. Katika faili ghafi kosa hilo lilirekebishwa kwa hatua moja, kwa sababu mle ndani mpangilio wa weupe ulikuwa ni maelezo tu yaliyoambatishwa pembeni, na vipimo vya mwanga vilikuwa bado kama vilivyopokewa. Kwenye JPEG maelezo hayo yalikuwa yameshatekelezwa: namba za bluu zilikuwa zimezidishwa, na zile zilizogonga dari ya 255 zilikatwa hapo hapo zisijulikane tena zilikuwa ngapi. Nilipojaribu kurudisha wekundu wa ngozi, mashavu yalitoka na mabaka.

Dari hiyo ya 255 inahitaji kuelezwa. Faili ghafi la kamera nyingi za kisasa hutumia biti (tarakimu za 0 au 1) 12 au 14 kwa kila kipimo, maana yake ni ngazi 4,096 au 16,384 kati ya giza totoro na mwanga wa juu kabisa. JPEG ya kawaida hutumia biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Programu inayogeuza faili hailazimiki kuzigawa ngazi hizo 256 kwa usawa. Huziweka nyingi zaidi mahali ambapo jicho lina wepesi wa kuona tofauti, ndiyo maana JPEG nzuri haionekani pungufu ikitazamwa tu. Upungufu hujitokeza pale mtu anapotaka kuipandisha picha mwanga au kuvuta uso uliozama kivulini. Hapo ndipo anga la jioni, lililokuwa likififia taratibu kutoka rangi ya machungwa hadi zambarau, hugawanyika mistari mistari.

Baada ya yote hayo ndipo kubana kwenyewe kunapoanza. JPEG ni kifupi cha jina la kamati iliyokitengeneza kiwango hicho, Joint Photographic Experts Group, nacho kiliidhinishwa mwaka 1992, kikiegemea hesabu iliyochapishwa na Nasir Ahmed na wenzake mwaka 1974. Kwanza mwangaza hutenganishwa na rangi, na mara nyingi rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwangaza, kwa kuwa macho yetu husamehe ukungu wa rangi lakini hayasamehe ukungu wa umbo. Kisha picha hukatwa vipande vya pikseli nane kwa nane, na pikseli 64 za kila kipande hugeuzwa kwa hesabu hiyo ya Ahmed kuwa namba nyingine 64, ambazo za mwanzo zinaeleza mabadiliko ya polepole na za mwisho zinaeleza mabadiliko ya ghafla, kama nyuzi za kitambaa au ncha za nywele.

Hasara hutokea katika hatua moja ndogo inayofuata, ambayo mtu anaweza kuifanya kwa penseli. Kila namba hugawanywa kwa namba iliyoko kwenye jedwali, kisha jibu hukadirishwa kuwa namba nzima. Tuseme namba ya kwanza ni 47 na jedwali linasema 16: jibu ni 2.94, linaandikwa 3, na siku ya kufungua picha 3 mara 16 inatupa 48. Tofauti ni moja tu, hakuna atakayeiona. Lakini namba ya mwisho kabisa ikiwa 20 na jedwali likasema 99, jibu ni 0.2, linaandikwa sifuri, na sifuri hata ikizidishwa na 99 hubaki sifuri. Uzi ule wa kitambaa umekwenda. Sifuri zikiwa nyingi hupangika kwa nafasi ndogo sana, na hapo ndipo wepesi wa faili unapotoka. Ile namba ya ubora ambayo programu hutuuliza wakati wa kuhifadhi hufanya kazi ya kuchagua ukali wa jedwali hili. Ndiyo maana ubora wa 90 katika programu moja si lazima ulingane na 90 ya programu nyingine, na hata 100 haimaanishi kwamba hakuna kilichopotea. Anayetaka kuona matokeo kwa macho yake aikuze picha ya kanga iliyobanwa sana, atazame pembezoni mwa herufi za jina lake: ataona vumbi la nukta nukta ambalo halikuwapo kwenye kitambaa.

Kwa hesabu ya nafasi, vipimo milioni 24 vya biti 14 huchukua megabaiti 42 visipobanwa. Picha hiyohiyo ikishapewa rangi kamili kwa biti 8 hufika megabaiti 72, na JPEG ya ubora wa juu huweza kuishusha hadi takribani megabaiti 10. Niongeze kwamba kuyaita mafaili ya upande mmoja "ghafi" na ya upande wa pili "yaliyobanwa" ni mazoea ya lugha kuliko ukweli kamili, kwa maana kamera nyingi hubana pia mafaili yao ghafi, kwa kawaida kwa njia isiyopoteza kipimo hata kimoja.

Sasa tunaweza kulijibu swali la kurudi. Kuna programu zinazoweza kuitia JPEG ndani ya faili la DNG, muundo ghafi wa wazi uliotangazwa na Adobe mwaka 2004, na faili litakalotoka litakuwa kubwa na lenye jina la heshima. Vipimo vilivyokadirishwa kuwa sifuri havitarudi. Wali hata ukianikwa juani haugeuki mpunga. Jambo hili lisichanganywe na kubadilisha NEF au CR2 kuwa DNG, ambako kwa njia ya kawaida vipimo huhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, wala lisichanganywe na kufuta herufi za NEF mwishoni mwa jina na kuandika JPG, kitendo ambacho hakibadilishi chochote isipokuwa kuitatiza kompyuta.

Kuna mtego mwingine usioonekana upesi. Ndani ya faili ghafi kamera huweka pia JPEG ndogo au kubwa ya kutazamia, na ndiyo hiyo tunayoiona kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Baadhi ya programu nyepesi, zikiambiwa zibadilishe faili ghafi, huichomoa tu JPEG hiyo na kuikabidhi. Mtu hupata picha kwa sekunde moja, akafurahi, bila kujua kwamba vipimo vyake havikuguswa kabisa. Programu kama darktable na RawTherapee, ambazo hupatikana bure, hufanya kazi yenyewe kuanzia kwenye vipimo, na maamuzi ya mhariri huyaandika kando bila kuligusa faili asilia.

Anayetaka kuipeleka picha kutoka programu moja hadi nyingine kabla ya kumaliza kuihariri ni afadhali atumie TIFF, muundo wa picha unaoweza kuhifadhi bila kupoteza kitu, ya biti 16, japo kwa megapikseli 24 faili huweza kufika megabaiti 144. Kuihifadhi JPEG upya kila baada ya mabadiliko madogo ni kuyapitia yale magawanyo tena na tena. Kuifungua, kuitazama na kuinakili hakuipunguzi kitu, ingawa wapo wanaoamini hivyo.

Si kila kazi inataka faili ghafi. Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutokana na mafaili ghafi, bali zilizopigwa kama JPEG tangu ndani ya kamera, likitaja haraka ya kazi na uaminifu wa picha za habari. Mantiki yake inaeleweka: faili ghafi humwachia mhariri nafasi pana ya kuamua, na nafasi hiyo ni neema kwenye harusi lakini ni shaka kwenye habari. Shindano la World Press Photo hulitazama jambo hilohilo kutoka upande wa pili, kwa kuwa huwataka wanaofika hatua za mwisho kuwasilisha mafaili yao asilia ili yalinganishwe na picha walizoingiza.

Kwa wengi wetu mabadiliko ya mwisho hufanywa na WhatsApp, ambayo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida huipunguza idadi ya pikseli na kuibana upya. Mteja anayetaka kuchapisha picha ya ukutani atumiwe JPEG asilia kama hati, kwa sababu ikipitia njia hiyo hufika ilivyo.