Je, wajua kwa nini mito mitatu haiondoi kiungulia cha usiku, lakini kitanda kilichoinuliwa mchagoni hukipunguza?

Mwenye kiungulia cha usiku huanza na mto mmoja, akaongeza wa pili, akafika wa tatu, na bado saa nane usiku anaamka kifua kinawaka na uchachu umemjaa kooni. Wengi huishia kusema kulala kichwa juu hakuna faida. Faida ipo. Kinachowakwamisha ni mahali mwili unapokunjwa. Mito huinua kichwa na shingo tu. Kifua kinabaki chini, mwili unajikunja katikati na tumbo linabanwa. Tumbo likibanwa, kilichomo hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni juu.

Kati ya umio na tumbo la chakula kuna msuli wa duara unaofunguka tonge likipita, kisha unajifunga. Kwa mtu anayesumbuliwa na kiungulia, msuli huo hulegea wakati usiotakiwa. Mchana anapata msaada wa aina mbili: akiwa amekaa au amesimama, asidi inavutwa chini kwa uzito wake, na mate anayoyameza kila mara yanaosha umio. Usiku akilala bapa hukosa vyote viwili. Koo na tumbo vinakuwa usawa mmoja, kama chupa iliyolazwa huku kizibo chake kimelegea, na mtu aliyelala humeza mara chache sana. Asidi ikishapanda, inakaa hapohapo na kuunguza.

Kwetu Tanga jambo hili lina uzito wake, kwa sababu nyumba nyingi hula mlo mkubwa usiku, na mwezi wa Ramadhani mtu hula daku, akaswali Alfajiri, akajitupa kitandani tumbo limejaa. Madaktari hushauri zipite saa mbili hadi tatu kati ya kula na kulala. Hushauri pia kulalia ubavu wa kushoto. Tumbo la chakula limeelemea kushoto, kwa hiyo ukilala upande huo lango la umio linakuwa juu ya asidi badala ya kuzama ndani yake.

Kisha kuna kitanda chenyewe. Kinachosaidia ni kuinua kitanda kizima upande wa mchagoni kwa sentimita 15 hadi 20, mwili ubaki umenyooka kutoka utosini hadi visiginoni lakini umelala kwenye mteremko. Kwa kitanda chenye urefu wa futi sita, huo ni mwinamo wa nyuzi tano au sita tu. Mgeni akiingia chumbani huenda asiuone, ila umio unaujua. Tofali la saruji la inchi sita likilazwa linakupa sentimita 15 hizo. Hata hivyo, tofali tupu halishiki tendegu. Kitanda kikisukumwa kidogo tu, mguu unateleza na kushuka kwa kishindo. Ni salama zaidi kumwendea fundi seremala, akakukatia vigogo viwili vya mbao ngumu na kuchimba kila kimoja shimo la kina cha vidole viwili ili tendegu likae ndani. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Tandika shuka la pamba, maana shuka laini linaloteleza litakushusha hadi miguuni kabla hakujakucha.

Ikiwa mteremko mdogo hivyo unatosha, kwa nini basi kuna vitanda vinavyokunjika, vyenye mota na rimoti, ambavyo baadhi ya maduka sasa yanavinadi kwa wazee na wenye maumivu ya mgongo?

Vilianzia hospitali. Miaka mia moja na ushee iliyopita, George Fowler, daktari wa upasuaji wa New York, alishauri wagonjwa wenye usaha tumboni wasilazwe bapa bali waketishwe kitandani, ili usaha ushuke kwenye nyonga, mahali ambapo ni rahisi kuutoa, usipande chini ya mapafu. Mkao huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Ila kumketisha mgonjwa dhaifu usiku kucha ilikuwa shida kubwa. Mito ilihama, naye akateleza. Mwaka 1909 Mmarekani mwingine wa fani hiyohiyo, Willis Gatch, akaja na kitanda chenye vipande vilivyounganishwa kwa bawaba: kimoja kinainua mgongo, kingine kinainua magoti ili mgonjwa asiteleze. Aliyewahi kumuuguza mtu wodini, hospitali ya Bombo au kwingineko, anakijua kitanda hicho kwa ule mpini wa upande wa miguuni unaozungushwa. Vya umeme vya leo kazi yake ni ileile. Mota imechukua nafasi ya mkono wa nesi.

Katika uvumbuzi wa Gatch, kipande cha magoti ndicho ninachokithamini zaidi, na ndicho wauzaji wanachosahau kukieleza. Mtu akiinuliwa mgongo peke yake, makalio hutambaa kuelekea miguuni. Ngozi inang'ang'ania shuka huku mfupa wa kitako ukishuka, na mishipa midogo ya damu iliyo katikati inavutwa mpaka damu haipiti vizuri. Hapo ndipo vidonda vya mgandamizo huanzia kwa mgonjwa wa kiharusi au mzee asiyeweza kujigeuza. Ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, mpangilio uwe huu: inua magoti kwanza, halafu mgongo. Ukitaka kumshusha, shusha mgongo kwanza. Wakati wa kumlisha akae wima kadiri anavyoweza, na abaki hivyo nusu saa au zaidi baada ya kula ili chakula kisimpalie na kuingia mapafuni. Baada ya hapo mrudishe kwenye nyuzi 30 au chini yake, isipokuwa daktari amesema vinginevyo. Na kitanda, hata kiwe cha bei gani, hakiondoi kazi ya kumgeuza. Kawaida ya wauguzi ni kila baada ya saa mbili hivi, ukitazama kitako, visigino na mabega kama kuna wekundu au weusi usiopotea. Nimeona familia zikinunua kitanda kizuri wakadhani sasa wanaweza kulala hadi asubuhi. Kidonda kikishafunguka hadi mfupani, kukiponya ni miezi.

Kwa mtu mzima anayejigeuza mwenyewe, faida inategemea anaumwa wapi. Mwenye maumivu ya kiuno mara nyingi hupata nafuu magoti yakikunjwa kidogo, kwa kuwa misuli inayotoka uti wa mgongo kwenda pajani hulegea na kiuno hupumzika kwenye godoro. Mkoromaji hutulia kidogo akiinuliwa, kwa kuwa ulimi haurudi nyuma kirahisi kama akilala chali bapa. Lakini ikiwa anakoroma, pumzi inakatika, kisha anashtuka akitweta, hiyo si kazi ya kitanda. Apimwe.

Vitanda vingi vya rimoti vina kitufe kinachodai kukulaza kama mwanaanga aliye angani. Dai hilo lina chanzo cha kweli. Wanaanga wa kituo cha Skylab, mwaka 1973 na 1974, walipigwa picha wakiwa wamelegea bila uzito, ikaonekana miili yao inakaa yenyewe paja na kiwiliwili vikiwa kwenye pembe ya nyuzi 128 hivi. Kitanda kinaiga pembe hiyo. Uzito wako hakiupunguzi hata ratili moja. Kinalegeza viungo tu, na wengi wanaona raha. Basi ilipiwe kwa kadiri ya raha hiyo.

Miguu ni habari nyingine, na ukanda wetu wa pwani una sababu ya kuijua, kwani matende yamewatesa watu wengi huku. Mwenye matende hufundishwa kuosha mguu kwa sabuni na maji kila siku, kuukausha vizuri hata kati ya vidole, kufanya mazoezi ya kifundo, na kuuinua anapokaa na anapolala. Vigogo vilevile vya seremala vikihamishiwa upande wa miguuni vinafanya kazi hiyo usiku. Isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo: ukiinua miguu yake, maji yaliyotuama huko hurudi kifuani, na moyo uliochoka hauyamudu. Mtu wa namna hiyo hujitambulisha mwenyewe. Anasema siku hizi akilala bapa hapati pumzi, zamani alilalia mto mmoja, sasa lazima iwe mitatu, la sivyo akae kwenye kiti. Huyo asipelekwe duka la vitanda, apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiuinue ukasubiri; huenda damu imeganda ndani.

Kwa hiyo kitanda kinachokunjika kinastahili bei yake pale mahitaji yanapogongana: mtu anahitaji kifua juu na magoti juu kwa pamoja, au anahitaji kubadilishwa mkao mara nyingi kwa siku. Ikiwa shida yako ni kiungulia peke yake, vigogo vinatosha, na pesa iliyobaki ina kazi nyingine.

Ukiamua kununua, jambo la kwanza ni mahali mkunjo ulipo. Lala juu yake, mwambie muuzaji akuinue, halafu gusa: bawaba iwe usawa wa nyonga, pale paja linapoungana na kiwiliwili. Ikiwa juu zaidi, kwenye mbavu au kitovu, utakunjwa tumboni kama ulivyokunjwa na mito na kiungulia kitarudi palepale. Vitanda vingi hutengenezwa kwa watu warefu; mama mfupi akilala, bawaba inamwangukia mapajani. Umbali wa kutoka utosini hadi nyonga hutofautiana, kwa hiyo apimwe atakayelala, asipimwe aliyekwenda kununua.

Halafu godoro. Magodoro yetu ya tano kwa sita yana urefu wa sentimita 183, wakati fremu nyingi za nje ni za sentimita 200 au zaidi, kwa hiyo kunabaki pengo la karibu shibiri nzima miguuni. Zaidi ya hapo, godoro la springi za zamani lenye waya mgumu kuzunguka kingo halikunjiki. Linasimama kama daraja juu ya bawaba na mgongo unaning'inia. Sponji nzito ya inchi sita hadi nane hufuata mkunjo vizuri.

Umeme nao una masharti yake. Mota zenyewe hutumia volti ndogo, aghalabu 24 au 29, lakini zinapitia adapta, na vitanda vya mtumba kutoka Marekani au Japani huenda vikawa na adapta ya volti 120 au 100 tu. Kuichomeka kwenye 230 zetu ni kuiunguza siku hiyohiyo. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Uliza pia umeme ukikatika kitanda kinashukaje. Vingine vina betri ndogo za kukishusha mara moja, vingine vinakuacha umeinuliwa hadi umeme urudi, na kwa mgonjwa asiyejiweza hiyo ni hatari. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba ya kuuguzia mimi napendelea kitanda cha mpini. Kinahitaji mkono na grisi tu, na grisi ni muhimu kwetu, maana upepo wa bahari wa Raskazone au Sahare hautachelewa kutia kutu kwenye parafujo.

Chandarua husahauliwa kila mara. Mgongo ukiinuliwa, kichwa kinasogea juu, uso au kiwiko kinagusa neti, na mbu anakuuma kupitia matundu kana kwamba neti haipo. Neti ya pembe nne, pana, iliyofungwa darini mbali na mchago, ndiyo inayofaa. Iwe ndefu kiasi cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro hata likiwa limeinuka.

Wapo mafundi wa Ngamiani wanaoweza kukutengenezea cha mbao kwa agizo: ubao wa mgongo wenye bawaba mbili nene za chuma, na nyuma yake mguu unaokaa kwenye meno manne yaliyochongwa kwenye mfumbati, kila jino daraja moja la kuinuka. Mwambie fundi ayachonge meno yakiinamia mchagoni, ili uzito wa mtu uukandamize mguu ndani ya jino badala ya kuutoa. Mweleze pia aweke kizuizi cha mbao chini, kwa sababu watoto hucheza uvunguni, na ubao ukishuka vidole vyao visiwe humo.

Watoto wachanga hawamo kabisa katika habari hii. Mtoto hulazwa chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto, hata kama anacheua. Akiwekwa kwenye mteremko, kidevu huangukia kifuani na njia ya pumzi inajifunga kimya kimya. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 kupiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10, baada ya vifo. Mjukuu akija kulala kwa bibi mwenye kitanda cha rimoti, atandikiwe mahali pake.