Paka Anayelia Bila Kukoma: Maswali na Majibu

Swali: Kwa nini paka wangu ananililia kutwa nzima, ilhali chakula kipo?

Jibu: Paka wazima hawaliliani nyau mara kwa mara wao kwa wao. Mlio huo ni wa kitoto anayemwita mama yake, na paka wa nyumbani huendelea nao ukubwani kwa sababu amegundua kwamba binadamu huitika: bakuli hujazwa, mlango hufunguliwa, au walau mtu humgeukia na kumsemesha.

Swali: Nitajuaje kama ni ugonjwa?

Jibu: Angalia mabadiliko. Paka aliyekuwa mkimya akaanza kulia ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kuhukumiwa kuwa ni msumbufu. Aliyevuka miaka 10, anayekula sana huku akikonda, huenda tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Shinikizo la damu, maumivu ya viungo, uziwi na kudhoofika kwa ubongo navyo huweza kumfanya paka mzee alie usiku. Dume anayechuchumaa kila mara kwenye sanduku la mchanga, akajikamua na kulia huku mkojo hautoki, ni mgonjwa wa dharura ambaye hapaswi kusubiri hadi kesho, kwani njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Jike anayelia kwa sauti ndefu, akijigaragaza na kuinua kiuno, kwa kawaida anatafuta dume, na dawa yake ni kufungwa kizazi.

Swali: Daktari amesema ni mzima. Nifanyeje anaponiamsha alfajiri?

Jibu: Tenganisha kilio na chakula. Cheza naye jioni kwa kamba au kitu cha kukimbiza mpaka achoke, kisha umpe mlo wake wa mwisho, kwa maana paka aliyewinda na kushiba hujilamba na kulala. Asubuhi usimlishe mara tu unapoamka. Subiri kidogo, umlishe saa ileile kila siku, naye akiwa kimya. Anapolia, usimtazame wala usimkemee, kwa kuwa hata kukemewa ni kusikilizwa. Siku za mwanzo kelele zitazidi, na hapo ndipo wengi hushindwa: ukikubali baada ya nusu saa ya kilio, umemfundisha kulia nusu saa. Akinyamaza, hata kwa sekunde chache, mpapase papo hapo.

Swali: Kumrushia maji kunasaidia?

Jibu: Hapana. Humtia hofu tu, na paka mwenye hofu huweza kuanza kukojoa ovyo ndani ya nyumba.

Swali: Je, ataacha kabisa?

Jibu: Si lazima. Paka wa aina ya Siamese, kwa mfano, ni wasemaji kwa asili, na kwao lengo la haki ni kupunguza kelele za usiku na za kudai chakula.