Damu inang'aa, ng'ombe kafa: tunayokosea kuhusu sumu za mimea

"Mtama ni chakula, hauwezi kuua ng'ombe."

Ilikuwa mwezi wa pili, Chamwino. Jua lilikuwa limeupiga mtama wiki kadhaa, kisha mvua ikarudi na mashina yakachipua upya, mabichi, ya kutamanisha. Ng'ombe wa jirani yetu wakapitia hapo wakitoka kunywa maji. Haukupita muda, mtamba mmoja akaanza kuhema kama aliyekimbizwa, akatetemeka, akaanguka. Walipomwahi kwa kisu, damu ilitoka nyekundu ya kung'aa. "Mwanangu," mzee akaniambia, "mnyama aliyekosa hewa damu yake huwa nyeusi. Huyu kapigwa jicho."

Macho ya mzee hayakukosea hata kidogo. Mtamba hakukosa hewa. Machipukizi ya mtama, hasa yaliyotoka kwenye ukame, yana durini, kemikali ya mmea wenyewe, na yakitafunwa hutoa sumu iitwayo sianidi. Tumbo la mnyama anayecheua huiharakisha zaidi. Mapafu yanavuta, damu inabeba oksijeni kama kawaida. Kinachogoma ni mitokondria, vile vijichembe ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nishati. Fikiria watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka bombani hadi kwenye nyumba inayoungua. Sianidi humfunga mikono mtu wa mwisho, yule anayekabidhi mzigo kwa oksijeni, na foleni nzima inasimama. Oksijeni inabaki kwenye damu haina mtumiaji, ndiyo maana damu inang'aa hata ile inayorudi moyoni.

Punje iliyokomaa haina shida hiyo. Ugali wa mtama na mlenda tuendelee kula. Mifugo ndiyo izuiwe mpaka mtama uvuke magoti, na machipukizi ya baada ya ukame yaogopwe kabisa.

"Maziwa hukata sumu yoyote."

Hayakati. Mtaalamu wa mifugo akiwahi huchoma thiosalfeti ya sodiamu, inayousaidia mwili kuigeuza sianidi iwe kitu cha kutolewa kwa mkojo. Mnyweshe maziwa ukitaka, utakuwa umepoteza dakika na maziwa.

"Muhogo mchungu ukichemka, sumu imekwisha."

Hili ndilo linaniogopesha zaidi, kwa sababu linasemwa jikoni. Muhogo una linamarini, ndugu ya ile durini, na una kimeng'enya chake wenyewe, yaani protini ya kuivunja ili sianidi itoke. Ukiutumbukiza muhogo mzima kwenye maji yanayotokota, moto unakiua kimeng'enya kwanza, wakati linamarini yenyewe haijali moto. Inabaki ndani. Bibi zetu waliokuwa wakiuloweka siku kadhaa mpaka ulainike, au kuutwanga kwanza, hawakuwa wakipoteza muda: walikuwa wanakipa kimeng'enya nafasi ya kufanya kazi. Mwaka wa njaa siku hizo za kuloweka hufupishwa, na hapo ndipo konzo huja, miguu ikapooza ghafla na isirudi kuwa kama zamani. Tarime, mkoani Mara, iliijua katika miaka ya 1980.

Kwa unga ambao tayari umesagwa, upo ujanja mwepesi: uchanganye na maji, utandaze safu nyembamba, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo.

"Utupa ni dawa ya asili, siyo kemikali."

Kila mmea ni kemikali, lakini tuendelee. Utupa, mmea unaotwangwa kuua wadudu shambani na kuvulia samaki, una sumu ya rotenoni, na hiyo humfunga mikono mtu wa kwanza kwenye ile foleni ya ndoo. Samaki huivuta kwa matamvua na kuelea. Sheria yetu inakataza kuvua kwa sumu. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani waliwapa panya rotenoni kwa muda mrefu, wakapata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Kweli, jua huivunja haraka, kwa hiyo shambani haikai sana. Lakini anayeitwanga yuko kwenye vumbi lake kabla jua halijaifikia. Afunge kitambaa puani na mdomoni, na kinu hicho kisirudi jikoni.