Kungoja kwa uangalizi mtoto anapoumwa sikio

Kungoja kwa uangalizi ni namna ya kutibu maambukizi ya sikio la kati: mtoto hutulizwa maumivu na kuangaliwa kwa saa 48 hadi 72, antibiotiki zikiwa akiba. Akipata nafuu, hazitumiki. Akizidiwa, au asipopata nafuu, anaanzishiwa. Wapo madaktari wanaoandika cheti siku hiyohiyo na kumwambia mzazi asiende nacho duka la dawa kwanza.

Ugonjwa huu huanza na mafua. Mrija unaounganisha sikio na koo huvimba, majimaji hukwama nyuma ya kiwambo cha sikio na kukisukuma. Hata bakteria wakiwemo, mara nyingi mwili huwamaliza wenyewe. Katika majaribio yaliyolinganisha antibiotiki na dawa bandia (ya kulinganishia tu, isiyo na kiini cha tiba), watoto 6 hivi kati ya 10 walipata nafuu ndani ya saa 24, wa kundi hili na wa lile. Ili mtoto mmoja zaidi aondokewe na maumivu siku ya pili au ya tatu, lazima 20 hivi wapewe antibiotiki. Na katika kila 14 wanaopewa, mmoja huharisha, hutapika au hutoka vipele kwa sababu ya dawa hizo.

Kosa kubwa hutokea kwenye kupima. Kiwambo chekundu peke yake si ushahidi, kwani mtoto akilia au akiwa na homa huwa chekundu pia. Cha kutafuta ni kiwambo kilichofura kuelekea nje.

Mwongozo wa Marekani wa 2013 unaruhusu kungoja kwa mwenye miaka 2 na zaidi ambaye hali yake si kali, na kwa wa miezi 6 hadi 23 ikiwa ni sikio moja tu. Homa ya 39°C, maumivu makali au yaliyofikisha saa 48, au usaha unaotoka, havingojewi. Mtoto wa chini ya miezi 6 naye hangojewi. Uvimbe nyuma ya sikio ni wa kukimbiza hospitali.

Maumivu yatibiwe sawasawa. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kilo: mtoto wa kilo 12 anahitaji 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai havilingani. Soma chupa, maana ipo yenye 250 katika mililita 5. Mafuta ya moto sikioni, hapana: kiwambo huenda kimetoboka.

Kungoja kunahitaji chombo cha kuangalia ndani ya sikio na mzazi anayeweza kurudi. Pasipo hayo, kama katika zahanati nyingi za kwetu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa magonjwa ya watoto huagiza antibiotiki siku 5 kwa sikio linalouma, na hilo lina mantiki yake.

Majimaji yanaweza kubaki wiki kadhaa baada ya maumivu kuisha, mtoto akawa hasikii vizuri. Hayo hayahitaji dozi nyingine. Yakipita miezi 3, apimwe usikivu.