Kikomo cha ada ya chuo kikuu kije na ruzuku

Kazi yangu ni uchumi wa elimu, hasa kuchambua bajeti za vyuo vikuu. Kila nikiulizwa kama serikali iweke kikomo cha ada, jibu langu ni ndiyo, mradi ijue nani atalipa sehemu ya gharama ambayo ada haifikii.

Wapo wanaosema ushindani kati ya vyuo unatosha, lakini ushindani peke yake haushushi ada. Mwanafunzi huchagua chuo kabla hajaonja ufundishaji wake, na familia nyingi huamini kilicho ghali ndicho bora. Chuo kikipunguza ada huogopa kudharauliwa.

Tazama Uingereza, yaani England (Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina utaratibu wao). Ada ilianza mwaka 1998, hadi pauni 1,000 kwa mwaka, na mwaka 2006 kikomo kikawa 3,000. Mwaka 2012 kikapandishwa hadi 9,000, huku ruzuku ya kufundishia ikikatwa. Serikali ilitarajia vyuo vichache tu vifike huko. Vingi vilifika, au vilikaribia, na kikomo kikageuka kuwa bei. Mwaka 2017 kikawa 9,250, kikakwama hapo hadi 2025 kilipofika 9,535. Miaka yote hiyo mfumuko wa bei uliendelea kuila fedha ile, na vyuo vikazidi kutegemea wanafunzi wa kigeni, ambao kikomo hakiwahusu.

Chuo kikipungukiwa hakifungwi kesho yake. Mhadhiri akistaafu, nafasi yake haijazwi. Semina ya watu 15 inakuwa ya 40. Kisha hati ya malipo huanza kurefuka: usajili, mtihani, maabara, maktaba, kitambulisho, mahafali. Ada ya masomo haijaongezwa hata senti, sheria haijavunjwa, na mzazi analipa zaidi kuliko mwaka jana. Hili linaniudhi kuliko ada kubwa iliyotajwa waziwazi, maana familia maskini hupanga kwa ile namba ya kwanza, kisha hukwama katikati ya muhula.

Ndiyo maana kikomo kihesabu kila malipo ya lazima, kirekebishwe kila mwaka kufuata gharama, na pengo lijazwe na hazina. Afrika Kusini, baada ya maandamano ya wanafunzi mwaka 2015, serikali ilitangaza kwamba ada hazitapanda mwaka 2016, ikalazimika kutoa fedha kuvisaidia vyuo kuziba pengo. Hesabu hiyo inapaswa kufanywa kabla ya tangazo. Serikali isiyo na fedha za kutoa iseme hivyo kabla ya udahili kuanza, ili vyuo vijue vinaweza kuwafundisha vizuri wanafunzi wangapi.