Makaa ya mawe yanavyooshwa, na uchafu usiotoka

Makaa ya mawe hayachimbwi yakiwa peke yake. Hapa Tanzania, kule Ngaka wilayani Mbinga, au Kiwira, matabaka yake yamepakana na udongo mfinyanzi na miamba, na mashine ikikata hubeba vyote. Uchafu huo hupimwa kwa majivu, yaani kile kinachobaki makaa yakiungua: lori la tani 30 la makaa yenye majivu asilimia 25 limebeba tani 7.5 za majivu, na mafuta ya kuyasafirisha yamelipiwa vilevile.

Njia kuu ya kuyasafisha hutegemea uzito. Sentimita moja ya ujazo ya makaa safi ina gramu 1.3 hivi, ya udongo na mwamba 2.5, na ya piriti, madini ya chuma na salfa, hufika 5. Kwenye maji matupu vyote huzama. Ndiyo maana kiwandani magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, husagwa ikawa unga, ikachanganywa na maji mpaka uzito ufike katikati, tuseme 1.6. Hapo makaa huelea, mawe huzama. Magnetiti huoshwa na kunaswa kwa sumaku itumike tena. Vumbi laini, chini ya nusu milimita, huhitaji povu: makaa hushika mafuta na kukataa maji, basi hutiwa dizeli kidogo na kemikali ya kutoa povu, hewa ikapulizwa kutoka chini, na chembe nyeusi zikapanda na mapovu.

Wengi huuliza wanunue mashine gani. Nawasihi wapime kwanza! Sampuli huvunjwa, ikatumbukizwa katika ndoo za kloridi ya zinki za uzito tofauti, kuanzia 1.3 kwenda juu. Kinachoelea katika kila ndoo hukaushwa, kisha gramu moja huchomwa kwa nyuzi 815 na majivu yake kupimwa. Majivu yakiwa mengi hata kwenye sehemu nyepesi kabisa, udongo uliingia tangu mimea ilipokuwa ikioza kinamasini, na mtambo wa kuosha hautautoa. Salfa nayo ni hivyo: ya piriti nyingi huondoka, iliyofungamana na kaboni hubaki.

Lakini linaloninyima usingizi ni tope linalobaki baada ya kuosha. Tarehe 26 Februari 1972, huko Buffalo Creek, West Virginia, Marekani, bwawa la majitaka ya kuoshea makaa lilipasuka na watu 125 wakafa. Anayepanga mtambo hapa nchini achore bwawa kabla ya mashine, na aonyeshe waziwazi ni vijiji gani viko bondeni chini yake.